Kompyuta Iliyongoja Siku za Mwezi

Kwa wiki kadhaa kompyuta yangu ilikubali kuamka kwa sharti moja tu: nisiipe kumbukumbu mbili. Ikiwa na kimoja cha vile vibamba vyembamba vya kijani ambavyo mafundi wetu wanaviita bareti, iliamka vizuri na kufanya kazi polepole, bila kinyongo. Nikiongeza cha pili, feni zilizunguka, zikasimama, zikazunguka tena, zikasimama. Mara ya tatu mashine ilibaki inavuma bila kuonyesha chochote, kioo chake, ekra, kikiwa cheusi, na kando ya bareti taa ndogo nyekundu ikinitazama. Nilijaribu bareti ya kwanza peke yake: nzima. Ya pili peke yake: nzima. Kila moja ilikuwa mgeni mwema ikija peke yake. Zikija pamoja, mashine ilifunga mlango.

Niliijenga mwenyewe, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba mudogo, mtaa wa Songo, Uvira. Baba mudogo ni mdogo wa baba yangu. Ndiye aliyenilea tangu nilipoanza sekondari, na ndiye mwenye mitumbwi miwili ya kuvulia ndakala, dagaa wa ziwa letu. Sanduku la kompyuta lilitoka kwenye cyber moja iliyofungwa zamani. Lilikuwa na mkwaruzo mrefu ubavuni ambao niliupenda kabla sijajua nitatia nini ndani yake. Kibodi ilikuwa ya ofisi fulani ya parokia, herufi ya M imefutika kabisa. Ile kadi kubwa inayobeba vitu vyote, ambayo kwetu inaitwa carte mère, au karte tu, niliifuata Bujumbura mwenyewe, nikarudi nayo nimeipakata, boksi limefungwa ndani ya kitenge kama mtoto aliyelala. Mpakani afisa aliuliza ni nini. Nikamwambia ni kitu cha kuandikia. Alifunua kitenge, akafunika, akaniuliza kama kalamu isingetosha.

Bareti ya kwanza ilikuja pamoja na karte hiyo. Ya pili nilitumiwa na binamu yangu wa Bukavu, ikiwa imefichwa ndani ya soksi, katikati ya begi la majani ya chai. Zilikuwa na urefu mmoja, meno yaleyale ya dhahabu, ukubwa uleule. Nilidhani hilo linatosha. Sikujua kwamba vitu viwili vinaweza kufanana hivyo na bado visijuane.

Nilizihitaji zote mbili kwa sababu ya kitabu. Tulikuwa waandishi tisa, tunakutana kila Jumamosi katika darasa la shule moja ambayo mlinzi wake anapenda hadithi, na kwa miaka miwili tulikuwa tumeandika, tumesomeana, tumegombana juu ya vivumishi, mpaka tukawa na hadithi kumi na nne zilizostahili karatasi. Mwenzetu mmoja, aliyezaliwa juu milimani, alichora picha kwa kila hadithi. Mimi nilipewa kazi ya kupanga kurasa, kwa kuwa ndimi niliyekuwa na mashine. Mchapaji wa Bujumbura alitupa nafasi ndogo, kati ya kalenda za makanisa na madaftari ya shule. Faili imfikie Jumatatu asubuhi. Isipofika, tungoje hadi madaftari yaishe, na hakuna aliyejua madaftari yanaisha lini.

Kurasa arobaini za kwanza zilipangika bila shida. Ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa na mchoro mkubwa wa mitumbwi miwili, mistari mingi kama nywele, na kila nilipoufungua, kompyuta yenye bareti moja ilisimama palepale. Haikulia, haikuonya. Iliganda tu, na kila nilichokuwa nimefanya tangu asubuhi kikapotea. Nilirudia mara tano. Mara ya sita nilikwenda Kimanga.

Fundi wangu wa Kimanga tulisoma naye darasa moja. Ana duka la kutengeneza simu na kompyuta, duka ambalo amelihamisha mara mbili kwa sababu ya ziwa kupanda, na kila anapolihamisha anapeleka kwanza meza, halafu redio, halafu wateja. Alinisikiliza huku akipuliza vumbi kutoka kwenye simu ya mtu. Kisha akafungua kwenye simu yake ukurasa wa watengenezaji wa karte yangu, akanionyesha orodha ndefu ya bareti ambazo karte hiyo inazifahamu. Bareti ya Bukavu ilikuwemo, karibu na mwisho, ikiwa na namba tisa mbele yake.

Alinieleza hivi. Ndani ya karte yenyewe kuna programu ndogo, BIOS, inayoamka kabla ya kitu kingine chochote. Ndiyo inayopita chumba kwa chumba na kuuliza nani yuko nyumbani: kumbukumbu ngapi, za nani, zinakwenda kasi gani. Halafu ndipo inaamsha wengine. Yangu ilikuwa toleo la tatu. Bareti ya Bukavu ilianza kutambuliwa katika toleo la tisa.

"Bareti haina kosa," alisema. "Karte nayo haina kosa. Iko inamuona mugeni, lakini hakuna muntu alimwambia jina lake."

Dawa ilikuwa kuiandika BIOS upya. Unachukua toleo jipya, unaliweka kwenye kle ya USB, ile flashi, unaiambia karte ijisomee. Dakika nne, tano hivi. Nikamwambia basi tufanye sasa hivi. Akaiweka chini ile simu, akaniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa aliyeomba mpira achezee.

Katika dakika zile tano, alisema, karte inafuta ya zamani kabla haijaandika mpya. Umeme ukikatika hapo katikati, inabaki haina ya zamani wala mpya. Haiamki tena. Si leo, si kesho. Karte kama yangu haikuwa na njia ya kujirudishia, na ya kuibadilisha hakuna Uvira nzima, na kwenda tena kuitafuta Bujumbura kungekula siku zote zilizobaki. Karte ikifa, kitabu kimekufa nayo.

Na umeme wetu unajulikana. Unakuja bila kubisha, unaondoka bila kuaga. Nilimuuliza kuhusu onduleur yake, kile kisanduku cheusi kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika. Akacheka. Betri ya ndani imezeeka, inashikilia dakika mbili, na mojawapo ya hizo mbili inaitumia kulia. Jenereta ya jirani yake wa saluni inakohoa, na kila inapokohoa taa zinakonyeza. Karte haitaki kukonyezwa.

Nilirudi Songo kwa miguu, nikifuata barabara ya chini, nikihesabu siku. Zilikuwa kumi na moja.

Baba mudogo alikuwa uani anakagua wavu, ameutandaza juu ya kamba kama shuka. Yeye huniita mama, kwa kuwa nina jina la mama yake. Tangu nikiwa mtoto amekuwa akinipa heshima ambayo sikuifanyia kazi. Nilimweleza habari yote, karte, bareti, dakika tano. Alinisikiliza hadi mwisho, akaingiza kidole kwenye tundu la wavu, akalipima.

"Unataka umeme ambao haukonyeze," alisema.

Nikamwambia ndiyo.

"Minye niko nao. Lakini ungoje mwezi."

Alikuwa anazungumzia betri za mitumbwi. Ndakala huvuliwa gizani. Mitumbwi miwili inafungwa pamoja, taa zinaning'inizwa juu ya maji, na samaki wanapanda kuufuata mwanga kutoka vilindini mpaka juu ya wavu. Zamani zilikuwa taa za mafuta, siku hizi ni za betri kubwa, kama za lori, zinazochajiwa mchana kwa vibao vya jua. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa lenyewe, samaki hawaoni sababu ya kufuata taa ya mtu, na wavuvi wanalala nyumbani siku saba, nane. Ndizo siku za mwezi. Watu wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanaoa, wanazika, wanakwenda kuona wakwe. Na betri zinapumzika, zikiwa zimejaa.

Mwezi mpevu ulikuwa unaangukia Ijumaa. Jumatatu faili iwe kwa mchapaji. Nikachagua Jumamosi.

Siku tisa za kungoja nilizitumia vizuri kuliko nilivyotarajia. Nilisahihisha hadithi zote tena, kwa kalamu, kwenye karatasi. Nilimwandikia mwenzetu wa michoro kwamba kila kitu kinakwenda vyema. Asubuhi nilikuwa natoka uani na kuangalia juu kama mtu anayemsubiri mgeni, na alasiri niliuona ule mwezi mweupe, nusu tu, umesahaulika juu ya milima, siku baada ya siku unanenepa. Sijawahi kuufuatilia mwezi kwa karibu hivyo. Mama mudogo, mke wa baba mudogo, alinikuta nimesimama hivyo akaniuliza kama nimepata mchumba baharia. Nikamwambia ni kompyuta. Akasema angalau baharia anakula mezani.

Jumamosi ilifika. Mama mudogo aliondoka alfajiri kwenda Kiringye, kwao, kusaidia kuvuna mpunga wa mama yake, akatuachia chai na mandazi chini ya kifuniko. Saa tatu fundi alifika na mkoba wake, akavua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwomba. Alikuwa amevaa shati la kwenda misa.

Baba mudogo alitoa stoo betri kubwa, mpya kuliko zote, akaiweka chini ya meza yangu. Kisha akarudi stoo akaja na nyingine, ya zamani, kona yake moja imepasuka na kufungwa kwa gundi. Fundi alimuuliza ya pili ni ya nini.

"Ya kukuwa hapa," alijibu baba mudogo.

Fundi akasema moja tu inatosha kompyuta kufanya kazi mpaka magharibi. Baba mudogo alikubali kwa kichwa, akaendelea kuipanga ile ya pili kando ya ya kwanza, na juu yake akaviringisha nyaya za ziada. Mtu aliyezoea kutoka ziwani na betri mbili hajui kusimama na moja, hata akiwa chumbani kwake mwenyewe. Kisha akafanya jambo lingine: alileta taa moja ya mtumbwi, akaiunganisha kwenye betri ileile ya kompyuta, akaitundika kwenye msumari wa kalenda. Chumba kikajaa mwanga mweupe, mchana kweupe. Fundi aliitazama taa, akanitazama mimi.

"Weye angalia ekra yako," baba mudogo akamwambia. "Minye ninaangalia taa."

Kati ya betri na kompyuta fundi aliweka konvertisa, kisanduku kinachougeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Tukaiacha bareti ya kwanza peke yake. Tukaamsha mashine, ikaamka. Fundi akachomeka kle, akaingia katika ule ukurasa wa bluu ambao sikuwahi kuupenda, akatafuta faili, akalikagua jina lake herufi kwa herufi dhidi ya jina la karte, mara mbili. Halafu akasukuma kiti nyuma. Karte ni yako, alisema, bonyeza weye.

Nilibonyeza.

Mstari mwembamba ulitokea, na chini yake onyo lisemalo tusizime. Asilimia mbili. Tano. Tisa. Sikumbuki kuwa niliwaza kitabu. Niliwaza yule afisa wa mpakani na kalamu yake. Fundi alikuwa amekaa amefumbata mikono katikati ya magoti. Nje mtu alikuwa anaita kuku. Asilimia ishirini na nne. Thelathini na moja.

"Mama," baba mudogo alisema nyuma yangu, kwa sauti ya kawaida, "hii betri haikulala."

Niligeuka. Alikuwa anaitazama taa ukutani. Mimi sikuona kitu. Taa ilikuwa taa. Lakini yeye ameziangalia taa hizo kwa miaka zaidi ya umri wangu, na aliona kwamba weupe wake umechoka, kama shati lililofuliwa mara nyingi. Kabla sijauliza, konvertisa ililia, mlio mmoja mwembamba. Ikanyamaza. Ikalia tena.

Fundi aliruka juu. Alijua mlio ule kuliko mtu yeyote: betri imeshuka, na baada ya dakika, au nusu dakika, kisanduku kitazima kila kitu ili kujiokoa chenyewe. Ekra ilisema thelathini na nane.

Baba mudogo alikuwa tayari amepiga magoti. Alikuwa ameivuta betri ya zamani ikagusana na mpya, na nyaya mbili za ziada ziko mkononi mwake. Fundi akaziona. Zote mbili zilikuwa zimezungushiwa utepe mweusi, hakuna nyekundu, hakuna ya kutofautisha.

"Papa, usiguse. Ukichanganya hizo tumemaliza. Nyekundu ni gani?"

Baba mudogo aliinamia betri. Alikuwa anapapasa nyaya kwa dole gumba, polepole, bila kuziangalia, na kwenye moja dole likasimama. Hapo palikuwa na fundo dogo la uzi wa wavu. Ziwani rangi haisaidii kitu, mkono umelowa na macho yamejaa mwanga wa taa; mkono ndio unaotafuta fundo. Akaunganisha waya wenye fundo kwanza, chanya kwa chanya. Akaushika wa pili.

Hapa inafaa nieleze anachofanya, kwa sababu baadaye alinieleza mimi. Ndakala wakishakusanyika chini ya taa, wanakuwa maelfu, wamekuja taratibu kwa saa nyingi. Taa ikizima hata kufumba na kufumbua, wanatawanyika, na usiku mzima umepotea. Kwa hiyo betri ikichoka haiondolewi. Inaletewa mwenzake, zinaungwa ubavu kwa ubavu huku taa inaendelea kuwaka, na iliyojaa ikishika mzigo ndipo iliyochoka inaachiliwa. Samaki hawajui kama kuna kilichobadilika. Amefanya hivyo mara ambazo haziwezi kuhesabika, mtumbwi ukiyumba, chini yake maji yasiyo na mwisho. Chumbani kwangu sakafu ilikuwa imetulia.

Waya wa pili ukagusa. Cheche moja ndogo ya bluu, na harufu kama ya kiberiti. Taa ukutani haikukonyeza. Ilijaa tu, polepole, kama mtu anayevuta pumzi ndefu, na chumba kikawa cheupe kama kilivyokuwa mwanzo. Konvertisa ililia mara moja zaidi, ikanyamaza.

Ekra ilisema arobaini na tano.

Tuliufuata mstari kwa macho mpaka mia moja. Kisha mashine ikazima yenyewe, na ule ukimya wa feni ulikuwa mbaya kuliko mlio. Fundi alinyoosha mkono mbele yangu kama anayezuia mtoto asivuke barabara, ingawa sikuwa nimesogea. Feni zikarudi. Ekra ikabaki nyeusi kwa muda ambao naamini ulikuwa mrefu. Halafu alama ya watengenezaji ikatokea, na chini yake, kwa maandishi madogo yasiyo na majivuno, toleo la tisa.

Fundi aliketi. Aliitazama ile betri ya zamani yenye kona iliyopasuka, akamtazama baba mudogo, akasema, "Papa, hii ya kukuwa hapa, imekuwa hapa."

Baba mudogo alicheka mpaka akakohoa.

Tulizima vizuri, nikafungua sanduku mwenyewe, nikaichukua bareti ya Bukavu kwenye soksi yake. Nilikuwa bado naihifadhi humo. Niliibonyeza mpaka vifungo vya pembeni viliposema tik, kimoja, kingine. Tukawasha. Feni zikazunguka. Taa nyekundu kando ya bareti ikawaka, nikapeleka mkono kwenye swichi. Fundi akasema tungoje, ukurasa ulisema hivyo: mara ya kwanza karte inazisoma bareti mpya moja moja, inazipima kasi, inatafuta mwendo ambao zote mbili zinauweza. Isipewe haraka. Baba mudogo alitoka, akarudi na mandazi, akatugawia. Tulikuwa tunatafuna pale taa nyekundu ilipozima yenyewe, na ekra ikafunguka.

Kumbukumbu: gigabaiti kumi na sita. Ilikuwa nane tangu nilipoijenga.

Nilikwenda moja kwa moja ukurasa wa arobaini na moja. Nilibonyeza nikiwa nimefumba macho, sioni aibu kusema. Nilipoyafumbua, mitumbwi ilikuwa pale, mistari yake yote, maji yote, wavuvi wanne wameinama. Nikaukuza. Nikaupunguza. Niliteremka mpaka ukurasa wa mwisho na kupanda tena. Mashine haikusimama. Nilihisi kama nimekaa nyumba ya vyumba viwili na leo mtu amefungua mlango ambao sikujua upo.

Baba mudogo aliinama begani kwangu, mafuta ya betri vidoleni. Aliutazama mchoro kwa muda mrefu. Nilidhani ameguswa.

"Nani alichora hii?"

Nikamwambia ni mwenzetu, msichana wa milimani.

"Inaonekana. Taa iko mbele, ku pua. Weye ulishaona taa ku pua? Hapa samaki watakuja mbele, wavu iko katikati. Hawa watu wanne watarudi bila kitu."

Fundi akacheka. Mimi nilikuwa nimeutazama mchoro huo wiki nzima, nimelala kilomita moja kutoka ziwani maisha yangu yote, na sikuona. Nilimpigia simu mwenzetu wa michoro. Alikiri hajawahi kupanda mtumbwi wa ndakala. Alichora taa pale ambapo yeye mwenyewe angetaka kuona njia. Akaniruhusu niisogeze. Kwa bareti moja hilo lisingewezekana. Nikaikata taa kutoka puani, nikaivuta, na mashine ikaibeba bila kutweta, nikaitundika katikati ya mitumbwi miwili, juu ya wavu. Baba mudogo alinielekeza kwa kidole: chini kidogo, apana, chini tena, iache hapo. Miale yake ilibidi ichorwe upya ili iangukie majini, na hilo mwenzetu alilifanya nyumbani kwake alasiri hiyohiyo na kunitumia.

Mama mudogo alirudi saa kumi na mfuko wa mpunga kichwani na matope ya Kiringye mpaka magotini. Baba mudogo alimngoja atue mzigo na anywe maji, halafu akamuuliza kwa upole sana habari za betri kubwa. Mama mudogo alijifuta mdomo. Akasema siku za mwezi betri hazina kazi, si ndiyo? Basi Alhamisi na Ijumaa kwaya ilikuwa na mazoezi ya sikukuu, spika za kanisa hazina umeme, na yeye ndiye aliyeombwa. Alimwambia kijana wa spika aichaji kabla ya kuirudisha. Lakini Ijumaa mvua ilinyesha, kwa hiyo jua hakuna.

"Haikulala," baba mudogo akasema tena.

"Haikulala," mama mudogo akakubali. "Iliimba na siye siku mbili. Soprano tulikuwa tunasikika mpaka soko."

Hakuna aliyekasirika. Ikajulikana kwamba ni hivyo kila mwezi mpevu, kwa miaka, na kwamba betri ya zamani kwaya haiitaki kwa sababu inachafua nguo kwa ile kona yake. Ndiyo maana ilikuwa imejaa.

Jumapili nilimaliza kurasa zote. Nilizipanga mchana kutwa, dirisha wazi, mashine ikivuma kando yangu kama mtu anayefanya kazi yake na kuniachia mimi yangu. Jumatatu asubuhi faili ilikwenda, na kabla ya saa sita mchapaji akajibu kwa maneno matatu kwamba imefunguka, yote nzima.

Nilitoka nje kumwambia baba mudogo. Alikuwa anapakia vitu kwenye mkokoteni, maana siku za mwezi zilikuwa zinakwisha na vijana wake walitaka kukagua mitumbwi. Betri kubwa ilikuwa imekaa juani, inachaji. Nikamwonyesha kwenye simu ukurasa wa arobaini na moja, taa mahali pake, miale inaingia majini. Alisogeza simu mbali, kisha karibu, akiwatafuta wavuvi wanne kwa macho.

"Sasa hii inaweza kuvua," alisema, akanirudishia simu, na kuchukua betri ya zamani kuipakia kwanza.